Tuwalipe wanaosafisha ufukwe, lakini tusiwalipe kwa gunia

Leo naomba tuweke kando kidogo mambo ya mbegu, mbolea na bei ya soko, tuzungumze juu ya takataka za ufukweni. Najua wapo watakaosema hiyo si kazi ya ugani. Lakini mama anayelima mwani akikuta kamba zake zimezongwa na mifuko na vipande vya nyavu, hiyo ni hasara ya mkulima. Mchuuzi akikataliwa dagaa wake kwa sababu wamechanganyika na takataka za mchangani, hiyo ni hasara ya mfanyabiashara. Na boti ikizima injini katikati ya maji kwa sababu mfuko umejizungusha kwenye pangaboi, hapo hatuongelei hasara tu, tunaongelea roho za watu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usipate taabu kuutafuta. Wakazi wa pwani wanaosafisha fukwe chafu walipwe. Soda na biskuti hazitoshi. Walipwe fedha, kila mwezi, kama kazi nyingine yoyote. Lakini walipwe kwa ufukwe ulio safi, si kwa idadi ya magunia waliyojaza. Na sehemu kubwa ya fedha hiyo itoke kwa wale wanaopata riziki kwenye ufukwe huo huo. Nitaeleza sababu zangu, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Kosa nililolifanya

Miaka michache iliyopita ulikuja mradi katika kijiji kimoja cha pwani nilichokuwa nakihudumia. Walikuwa na fedha za usafi wa ufukwe, wakaniuliza njia nyepesi ya kuwalipa watu. Mimi nikasema tulipe kwa gunia. Niliona ni haki, kwa sababu anayefanya kazi zaidi atapata zaidi, na hesabu yake haihitaji msomi.

Wiki ya kwanza nilijisifu. Ufukwe uling'aa. Wiki ya pili magunia yakaanza kuwa mazito kuliko kawaida, tukifungua tunakuta mchanga. Wewe uliyewahi kununua pamba au korosho unajua ninachosema: penye mizani, mchanga na maji hupata njia ya kuingia. Wiki ya nne tulikuta makumbi ya nazi na takataka za majumbani. Kijana mmoja alileta magunia manne kwa bodaboda kutoka kwenye jalala la kijiji jirani. Sikuweza kumlaumu sana. Tulitangaza kwamba tunanunua takataka, naye akaleta takataka.

Kibaya zaidi, watu walikimbilia chupa kubwa kwa sababu zinajaza gunia haraka. Pampasi, nyuzi za nyavu, sindano na vipande vidogo vya plastiki viliachwa. Upande wa mikokoni, ambako takataka zinanasa kwenye mizizi na kutembea ni taabu, hakwenda mtu.

Mwezi wa tatu fedha zikaisha. Hakuna aliyewaambia wanakijiji mapema. Hata mimi nilipata habari kwa simu. Kabla ya mradi, Jumamosi ya usafi walikuwa wakija akina mama wengi tu. Baada ya mradi walikuja wachache, na wengine walikuja kuuliza kama malipo yamerudi. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kazi hii ina bei. Sasa bei imekwenda wapi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu kwa bibi yule.

Kujitolea nako kuna anayelipa

Tangu Desemba 2015 nchi yetu imezoea usafi wa pamoja, na baadaye ukawekwa utaratibu wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siubezi. Mitaro na masoko mengi yamefaidika. Lakini ufukwe haufuati kalenda ya ofisi, unafuata mwezi. Takataka nyingi hutupwa nchi kavu wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na zaidi wakati wa masika mito inapojaa. Ukisafisha Jumamosi na bamvua likaja Jumanne, Jumatano utadhani hukufanya kitu.

Sasa tazama nani anakuja siku hiyo. Wanakuja akina mama wa mwani, akina mama lishe na wanafunzi. Mwenye boti anatuma udhuru. Mwenye nyumba ya wageni anatuma katoni mbili za maji ya chupa, na chupa zenyewe tunaziokota mwezi ujao. Hao wanaokuja wanapoteza nini? Mkulima wa mwani anategemea yale maji ya bamvua yanapokauka asubuhi, ndipo anapofika shambani kwake kufunga na kuvuna. Ukimweka ufukweni na reki mpaka saa 4, umekula siku yake ya shamba, na siku za namna hiyo kwa mwezi ni chache. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kujitolea ni bure. Gharama ipo, na anayeilipa ni yule mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Tena takataka zenyewe si zake peke yake. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya upande wa Kisarawe, unapita katikati ya Dar es Salaam na kumwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Kinachotupwa kwenye mitaro ya Vingunguti au Jangwani wakati wa mvua kinaingia baharini. Mkondo mkuu wa bahari kwenye pwani yetu unaelekea kaskazini. Aliyeko kaskazini ya jiji hahitaji kuwa mchafu ili ufukwe wake uwe mchafu. Kumwambia mama yule "safisha kwako" wakati anasafisha vya wenzake ni kumwonea.

Kulipa si jambo geni

Wapo wanaoshtuka wakisikia malipo, kana kwamba ni jambo jipya. TASAF imekuwa ikiwalipa watu wa kaya maskini ujira kwa kazi za jamii kama kutengeneza barabara za vijijini, kuchimba malambo na kupanda miti. Hatujasikia mtu akisema barabara ya kijijini ni yao, kwa hiyo wailime bure. Afrika Kusini serikali ina mpango wa kuwapa ajira wakazi wa pwani ili wasafishe fukwe, uitwao Working for the Coast.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko hapa kwetu, kisiwani Mafia. Zamani kiota cha kasa kikionekana, mayai yaliliwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wahifadhi waliweka utaratibu wa kumlipa mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota. Analipwa kidogo anapokionyesha, kisha analipwa tena kulingana na mayai yaliyoanguliwa. Wizi wa mayai ulipungua sana. Angalia ujanja uliomo katika malipo yale. Hakulipwa kwa idadi ya siku alizolinda wala kwa maneno yake. Alilipwa kwa kasa walioanguliwa. Malipo yalifuata kile tunachokitaka. Mimi nililipa magunia, nikapata magunia. Kama ningelipa usafi, ningepata usafi.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza: "Ukilipa leo, kesho hawatajitolea." Ni kweli, na nimekiri hapo juu kwamba ilinitokea. Lakini kilichoharibu si malipo peke yake. Kilichoharibu ni malipo yaliyokuja ghafla na kuondoka ghafla. Mlinzi wa shule analipwa kila mwezi na hatuoni wazazi wakiacha kuipenda shule. Bora malipo madogo ya miaka kuliko makubwa ya miezi mitatu.

Hoja ya pili: "Watu watatupa takataka makusudi ili wapate kazi." Ukilipa kwa gunia, watatupa, tena wataleta na za jirani. Ukilipa kwa eneo lililo safi, mambo yanageuka. Kila chupa inayotupwa kwenye kipande changu inanizidishia kazi bila kunizidishia hata senti. Hapo mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kumkemea anayetupa. Umepata msafishaji na mlinzi kwa malipo ya mtu mmoja.

Hoja ya tatu: "Dawa ni kuziba chanzo." Nakubali kabisa. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 1, 2019. Sheria ikisimamiwa inasaidia. Lakini chupa, pampasi, kandambili na nyavu chakavu bado zipo, na vilivyokwisha kuingia baharini vitaendelea kuja kwa miaka mingi. Paa likivuja, fundi huziba tundu, lakini wakati anaziba lazima mtu akaushe sakafu. Na tusisahau chetu: vikamba vya plastiki vya kufungia mwani na vipande vya nyavu tunavyokata ufukweni ni takataka zetu wenyewe.

Namna ya kulipa bila kuharibu

Huu ni utaratibu ninaoushauri. Badilisheni kulingana na kijiji chenu.

1. Gaweni ufukwe vipande. Pimeni kwa kamba, mita 200 kwa kila kipande, wekeni alama za mawe au miti. Kipande kigumu, kama cha mikokoni, kiwe kifupi zaidi ili mwenye nacho asionewe.

2. Chagueni watu kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu. Wapewe kipaumbele wanaoishi karibu na ufukwe na wenye kipato kidogo, mfano wajane na vijana wasio na boti. Majina yasomwe kwa sauti. Orodha ikiandikwa ofisini usiku, asubuhi itakuwa imejaa ndugu wa wakubwa. Mkataba uwe wa mwaka mmoja. Ukibadilisha watu kila mwezi hakuna atakayeona kipande ni chake.

3. Fuateni mwezi. Kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua maji hujaa alfajiri na hukauka sana kabla ya adhuhuri. Kazi ifanyike saa 12 hadi saa 2 asubuhi, maji yakiwa yanakupwa, kisha mwenye shamba la mwani awahi shambani kwake. Asubuhi nne kwa kila bamvua, na bamvua ni mbili kwa mwezi, jumla asubuhi nane.

4. Kagueni kwa kushtukiza mara mbili kwa mwezi. Wakaguzi wawe watatu: mtu wa BMU, mfanyabiashara mmoja na mzee mmoja anayeaminika. Watembee hatua 50 kwenye alama ya mwisho ya maji kujaa, wahesabu vipande vya plastiki vilivyo vikubwa kuliko kizibo cha chupa. Visipozidi 10, kipande kimefaulu. Kikianguka mara moja, mwenye nacho apate nusu ya malipo, na nusu iingie kwenye mfuko wa vifaa. Wasikague siku ya kwanza wala ya pili baada ya mvua kubwa. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo.

5. Nunueni vifaa kwanza. Glovu nene, viatu vya kufunika mguu, reki, magunia na toroli moja. Sindano na vioo viwekwe kwenye dumu gumu lenye kifuniko, visitiwe guniani. Mtoto asipewe kazi hii.

6. Kubalianeni takataka zitakwenda wapi kabla hamjaokota hata chupa moja. Ongeeni na halmashauri kuhusu gari na siku ya kubeba. Msipofanya hivyo mtahamisha jalala kutoka ufukweni kwenda nyuma ya minazi. Msichome plastiki, moshi wake ni sumu. Msizike mchangani, bahari itafukua.

7. Kuna vitu vya kuachwa. Majani ya bahari yaliyotupwa na maji yanasaidia kushika mchanga na ni chakula cha viumbe wengi. Msiyazoe. Kama kasa wanataga kwenu, msichimbe kwa reki juu ya alama ya maji kujaa, maana mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili.

Na chupa zinazouzika je? Chupa hizo ziwe mali ya aliyeziokota. Lakini msimwambie mtu kwamba huo ndio mshahara wake. Chupa ya nusu lita ikiwa tupu ina uzito wa gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Pampasi hainunuliwi, kandambili hainunuliwi, uzi wa nyavu haununuliwi. Anayetegemea mizani atachukua chupa na kuacha vingine vyote, na sisi tutarudi kule nilikokosea.

Fedha itoke wapi

Hapa ndipo mikutano mingi inapovunjika, kwa hiyo tupige hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kuelekeza tu, wekeni za kwenu.

Chukulia ufukwe wa kilometa 2, wenye vipande 10 na watu 10. Kila mmoja alipwe shilingi 30,000 kwa mwezi kwa asubuhi nane, yaani shilingi 3,750 kwa saa mbili za kazi. Hiyo ni shilingi 300,000. Ongeza 60,000 za vifaa na usafiri wa takataka. Jumla ni shilingi 360,000 kwa mwezi.

Upande wa mapato, tuseme kwenye diko, au mwalo kama wanavyosema wenzetu wa ziwani, zinashusha boti 40. Kila boti ikichangia shilingi 200 kwa siku, kwa siku 20, inakuwa 160,000. Wachuuzi wa samaki 25 wakichangia 3,000 kwa mwezi, ni 75,000. Vibanda na mama lishe 15 kwa 3,000 ni 45,000. Nyumba ya wageni moja ikitoa 80,000, jumla ni 360,000. Imetosha bila mradi.

Najua mchuuzi anayesoma hapa ameanza kukunja uso. Anasema, "Afisa, ushuru mwingine tena?" Nakuelewa. Lakini 3,000 kwa mwezi ni shilingi 100 kwa siku. Ndoo moja ya dagaa ikikataliwa na mteja kwa uchafu, umepoteza michango ya miezi mingapi? Isitoshe, ninachokuomba si kwamba uanze kulipia usafi wa ufukwe. Unalipiwa tayari, ila anayekulipia ni mama wa mwani, kwa siku zake za shamba. Ninachoomba ni kwamba mzigo huo tuugawane.

Ili mchango usiwe wa kubembelezana, upitishwe kama sheria ndogo ya kijiji kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha uidhinishwe na halmashauri. Kila anayetoa apewe stakabadhi. Mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano. Fedha ya usafi ikichanganywa na fedha nyingine za kijiji, msishangae ikipotea njia.

Tahadhari moja. Wapo vijana walioniuliza kama mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kulipa wasafishaji. Hapana. Mkopo unarudishwa. Unaweza kuwasaidia kununua toroli, mizani au pikipiki ya mizigo ya kubebea chupa kwenda sokoni, lakini usitumike kama mshahara. Mshahara wa mkopo ni deni lenye jina zuri.

Mradi ukija, je, tuufukuze? La. Upewe kazi ya kununua vifaa, kulipia gari au kujenga sehemu ya kuhifadhia takataka kabla hazijabebwa. Kama lazima ulipe watu, tarehe ya mwisho isemwe siku ya kwanza, na mchango wa kijiji uwe umeanza kabla mradi haujaondoka. Hilo ndilo sikulisema mimi wakati ule, na watu waliniamini.

Mahali pa kuanzia

Usisubiri kilometa 2. Anzeni na mita 200 pale boti zinaposhusha samaki, maana hapo kila mtu anaona faida. Mtu mmoja, kipande kimoja, miezi mitatu, fedha kutoka kwa wenye boti wenyewe. Wachuuzi wakiona dagaa wanakaushwa mahali pasafi, mkutano wa kuongeza vipande utakuwa mfupi.

Sijui kama bibi yule atasoma haya, lakini nasema kwa ajili yake. Alikuwa na haki. Kazi ile ina bei, na ilikuwa nayo hata kabla mradi haujafika. Ni sisi tuliozoea kuipata bila kuilipia.

Kama kijiji chenu kimejaribu njia nyingine na ikafaulu, mwambieni afisa ugani wenu ili na wengine wajifunze. Na kabla ya bamvua lijalo, pita ufukweni ukahesabu mwenyewe hatua 50. Kazi njema.